Muziki usimeze mazungumzo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu muziki wa chinichini katika filamu imeusifu kwa kuamsha hisia, lakini haikugusa kasoro inayowakera watazamaji wengi: muziki unaomeza mazungumzo. Tatizo si ukubwa wa sauti pekee. Konsonanti nyingi zinazotofautisha maneno husikika vyema kati ya hezi 2,000 na 4,000 (hezi hupima wembamba au uzito wa sauti); fidla zikijaa hapo, hata muziki wa sauti ya chini huyafunika maneno. Naye mchanganya sauti ameshayasikia maneno hayo mara nyingi mno, hivyo sikio lake hujaza mapengo bila yeye kujua.

Watayarishaji waweke sawa mazungumzo kwanza, ndipo muziki uingie. Mtu anapozungumza, ushushwe desibeli 6 hadi 10 (desibeli hupima ukubwa wa sauti), na sehemu yake ya hezi 2,000 hadi 4,000 ipunguzwe kama desibeli 3. Kisha filamu isikilizwe kwa spika ndogo ya simu, pamoja na mtu asiyeijua skripti. Pia waamue mapema ni matukio gani hayahitaji muziki kabisa. Kilio kisicho na piano (ile piano ya kila msiba!) mara nyingi huchoma zaidi.

Msomaji wenu