Shukrani za Familia kwa Waliotusaidia Kumzika Baba Yetu, Askari Mstaafu na Seremala wa Igoma

Familia ya marehemu baba yetu, askari mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na fundi seremala wa Igoma, jijini Mwanza, inatoa shukrani za dhati kwa wote waliokuwa nasi tangu alipolazwa hadi tulipomlaza katika nyumba yake ya milele. Kwa kuwa hatuwezi kumfikia kila mmoja na kumpa mkono, tunaomba maneno haya yapokelewe kana kwamba tumebisha hodi wenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Hospitali ya Bugando, ambao walimwita "afande" hadi siku ya mwisho, jambo lililomfurahisha kuliko dawa zote. Paroko wetu, wanakwaya na wanajumuiya. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Chama chetu cha kufa na kuzikana. Kina mama waliokesha wakipika. Na vijana waliochimba kaburi, kazi ambayo kwa mawe ya Mwanza si ya mchezo. Ndugu, wakwe na mashemeji waliotoka Magu, Sengerema na Ukerewe, tunasema wabeja sana.

Shukrani za pekee ziwafikie wanajeshi wastaafu waliofika na nishani zao vifuani, baadhi yao wakitembea kwa mikongojo, wakasimama juani mpaka udongo wa mwisho. Baba yetu alijiunga na jeshi mwaka 1974, na vita vilipozuka mwishoni mwa mwaka 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera na kuvunja daraja la Kyaka, alikuwa miongoni mwa waliovuka mto na kusonga mbele kupitia Masaka hadi Kampala ilipotekwa, Aprili 1979. Nyumbani hakuwa na mazoea ya kusimulia mapigano. Alichokuwa akikisimulia, tena bila kuombwa, ni namna walivyolazimika kuagana na wenzao waliouawa, kwa haraka, pasipo mama wala mke wa kuwalilia. Kila mwezi Julai alipopata nauli alikwenda Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi ya mashujaa wa vita hivyo, na aliporudi alitutajia majina ya aliowasalimia, kama mtu aliyetoka kutembelea majirani.

Mama yetu, ambaye wakati wa vita alibaki Mwanza akilea mtoto mchanga, alipenda kumtania kwamba hata yeye ni mkongwe wa vita, maana mwezi Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilidondosha mabomu hapa Mwanza, yakaishia kuua swala wa Kisiwa cha Saanane. Huo ndio utani pekee wa vita ambao mzee aliuruhusu mezani, na kila uliporudiwa alicheka kama anausikia mara ya kwanza.

Alipostaafu alifungua karakana ya useremala. Alitengeneza vitanda, milango na madawati, lakini wengi wenu mlimfahamu kwa majeneza. Meli ya abiria ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, alifanya kazi usiku na mchana pamoja na vijana wake, wakiranda mbao kwa ajili ya watu wasiowajua, kisha akavaa suti yake na kwenda makaburini Igoma kusimama na waliokuwa wakizika. Tulipomuuliza ana undugu gani na marehemu hao, alijibu kwamba mtu asizikwe na wageni watupu. Tangu hapo hatukumuuliza tena kwa nini amevaa suti siku ya kazi.

Alikuwa mkali, hilo hatulifichi. Kikao cha ukoo cha saa nne kilianza saa nne hata kama ameketi peke yake, na wajukuu walikaguliwa kucha na viatu kabla ya kwenda shule. Wakwe zake watatusamehe kwa kukumbusha kwamba siku ya harusi ya dada yetu alitaka misa ianze bila bwana harusi, aliyekuwa amechelewa. Hata hivyo, ni mkono huohuo uliosuka nywele za mabinti zake mama alipokuwa mgonjwa, vibaya sana kusema kweli, nao wakaenda shule hivyohivyo bila kuona haya.

Umati uliojaa nyumbani kwetu ulitushangaza. Karibu kila aliyesimama kutoa salamu za rambirambi alituambia kwamba mzee alimzikia baba, mke au mtoto, na wengine walitaja misiba ambayo sisi wanawe hatukuwahi kuisikia. Kwa ushuhuda huo tunawashukuru kuliko kwa rambirambi zenyewe.

Misa ya arobaini itatangazwa parokiani, na wote mnakaribishwa. Yeyote anayemdai marehemu, wakiwamo wauza mbao, afike nyumbani kwa kaka yetu mkubwa kabla ya misa hiyo ili alipwe. Ama wale ambao majina yao yamo katika daftari la karakana kwa deni la majeneza, familia imekaa na mama, na imekubaliana kwamba wasilete fedha. Wanaodaiwa vitanda na milango, deni liko palepale. Karakana inaendelea chini ya mdogo wetu wa mwisho, naye anahitaji kununua mbao.