Mhariri, tukitoa sadaka tuwaambie na watoto

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wazazi wenzangu hasa wa huku kwetu Ujiji.

Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, vipe, yaani mitumbwi ya kuvulia dagaa, vikapandishwa mchangani na nyumba zinazotegemea dagaa hali ikawa ngumu kwelikweli. Jirani yangu mume wake ni mvuvi, wana watoto watano, basi kila baada ya siku mbili tatu nilikuwa namtuma kijana wangu wa miaka 9 apeleke unga, siku nyingine mawese kwenye chupa, namwambia tu peleka pale kwa jirani usikae rudi haraka. Sikusema kingine maana mimi nimelelewa hivo, sadaka haitangazwi, mkono wa kulia unatoa wa kushoto haujui.

Ziwa likafunguliwa nikaacha kupeleka. Siku moja mtoto ananiuliza, "mama, lile deni la jirani tumeshamaliza kulipa?" Jamani nilishtuka! Miezi mitatu anabeba sadaka kwa mikono yake mwenyewe, yeye anajua tunadaiwa.

Ndo nikaona nimekosea. Sadaka inafichwa ili anayepokea asiaibike mbele za watu, na Al-Baqara aya ya 271 inasema mkiidhihirisha ni vizuri, mkiificha mkawapa mafukara ni bora zaidi, lakini mtoto wa ndani ukimficha atajifunza kwa nani? Najua wengine wanaogopa mtoto ataenda kumsimanga mwenzie wakigombana, "nyie mnakula kwetu". Basi hilo nalo ndo la kumfundisha, tena mapema, kwamba ulichotoa hukisemi barabarani.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana Marekani uliotoka 2013, waliangalia watoto kama 900 wakakuta wale ambao wazazi wanaongea nao kuhusu kutoa, uwezekano wao wa kutoa uko juu kwa asilimia 20 kuliko wasioongeleshwa, na mtoto kumuona tu mzazi anatoa hakufiki hapo. Mimi nimeyaona sebuleni kwangu.

Wenzetu Wakristo mtoto anapewa mia mbili ya sadaka mlangoni pa kanisa, anaitumbukiza bila kujua inaenda wapi. Sisi Waislamu fitri, ile sadaka ya chakula ya mwisho wa Ramadhani, baba anahesabu vichwa, pishi moja moja, anapeleka yote mwenyewe na mtoto hajui kama kuna pishi imetoka kwa ajili yake.

Ramadhani iliyofuata nikamkalisha kijana akapima mchele wake mwenyewe, karibu kilo mbili na nusu, nikamwambia hii ni fitri yako tunaipeleka kabla ya swala ya Idd ili yule bibi wa nyuma nae apike kama sisi. Akaangalia ule mchele akauliza, "sasa bibi atakula wali mkavu?" Akaingia jikoni mwenyewe akatoka na dagaa.

Mama wa watoto wanne,
Ujiji, Kigoma