Msanii mwenye watoto, andika saa yako ya jukwaani

Ndugu Mhariri,

Msanii wa hiphop au wa singeli akipata mtoto tu, swali ni lilelile: bado mgumu, au kalainika? Mashabiki wanauliza, watangazaji wa redio wanadakia. Sisi tunaofanya kazi studio na nyuma ya jukwaa hapa Dar es Salaam tunaona swali lenyewe limekaa upande. Mistari mikali haijawahi kumzuia mtu kulea. Kinachomshinda baba msanii ni saa 9 usiku: anashuka jukwaani saa hiyo, anafika kwake saa 10 na robo, na gari la shule linapiga honi saa 11 na nusu.

Saa 9 hiyo haikuwekwa na uasi, imewekwa na promota. Msanii anayevuta watu hupandishwa mwisho ili watu wakae wanywe, maana kaunta ndiyo inayorudisha gharama za ukumbi na spika. Basi yule anayeimba kwamba hapangiwi na mtu, kumbe saa yake ya kulala inapangwa na muuza bia. Akitaka kuasi aanzie hapo, na silaha yake ni karatasi moja ya makubaliano.

Kwanza, iandikwe saa ya kupanda na ya kushuka, kwa mfano saa 4:30 hadi 5:15 usiku, na kwamba dakika 60 zikipita bila kuitwa, msanii yuko huru kuondoka na kianzio chake. Promota atakataa kwa sababu ya kaunta. Mjibu kwamba shoo yenye majina matatu haiwezi kuweka yote matatu mwisho. Anahitaji mmoja wa kujaza ukumbi mapema, na huyo ni wewe. Pili, kianzio hicho, yaani nusu ya malipo, kiingie kabla picha yako haijachapwa kwenye bango. Bango likishatoka, nguvu yako ya kudai imekwisha. Tatu, nusu iliyobaki ilipwe kabla hujashika maiki. Ukisubiri baada ya shoo utaambiwa mlangoni hapakuwa na watu, hata kama ulikanyagwa miguu ukipita. Nne, usafiri wa kurudi uwe gari. Mtu aliyechoka, mwenye begi la vifaa, juu ya bodaboda saa 8 usiku, ndiye huyohuyo anayesubiriwa nyumbani asubuhi.

Kuhusu fedha, mfano mmoja unatosha. Shoo ni shilingi 400,000. DJ na msaidizi wa jukwaani wanachukua 80,000, usafiri na chakula 50,000, inabaki 270,000. Theluthi yake, 90,000, iingie kwenye kibubu cha simu usiku uleule, kabla hujafika mtaani, kwa sababu mtaani kuna watu wanaojua ulikuwa kazini. Shoo hujaa Desemba na hupungua sana Mwezi Mtukufu na masika, na ada ya Januari humkuta msanii Desemba yote ameshaila. Asiyeweka theluthi kila mara hukopa kwa promota, na anayedaiwa na promota hana saa ya kuchagua.

Tukumbushe pia kwamba sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa baba aliyeajiriwa likizo ya malipo isiyopungua siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya, sheria ya 2007 inatoa wiki mbili. Msanii hana mwajiri, kwa hiyo hana hata hizo tatu asipojiwekea mwenyewe. Akichukua kalenda ya shoo aanze kuandika tarehe za kliniki: chanjo ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Zinajulikana tangu siku ya kuzaliwa, na promota hawezi kusema zimemshtukiza. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo, inapotaja wajibu wa kumtunza mtoto, haiishii kwenye chakula na mavazi. Inataja matibabu pamoja na chanjo, elimu, hata haki ya kucheza. Kuwa msanii si msamaha.

Studio ya nyumbani ndiyo inayotupa wasiwasi kuliko jukwaa. Wengi wetu tunarekodi kwenye chumba na sebule, mtoto akilala upande wa pili wa pazia. Trei za mayai ukutani hazizuii sauti kwenda kwa jirani wala kwa mtoto. Zinapunguza mwangwi kidogo tu, besi inapita ukutani na sakafuni kama kawaida, na trei hizo zikishika moto zinawaka upesi. Weka spika juu ya kipande kizito cha sponji ili mtetemo usishuke sakafuni, changanya muziki kwa hedifoni zinazofunika sikio, na besi uikague kwa spika mchana, dakika kumi, mtoto akiwa shule. Sauti za kuimba zirekodiwe mchana pia.

Betri bapa ndogo kama sarafu, zinazokaa kwenye rimoti, taa za mapambo na vifaa vya kutunia gitaa, ndizo hatari kubwa kupita zote. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Usimtapishe, mkimbize hospitali. Waya wa kawaida wa kulehemu nao una madini ya risasi, karibu asilimia 40 kwa aina inayotumika sana, kwa hiyo kebo zitengenezwe nje, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto.

Masikio: kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, kwa mtu mzima ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja, 100 ni robo saa. Mbele ya spika za kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya usiku kucha, ukitaka kuongea na aliye pembeni lazima upige kelele sikioni mwake, na bado watu huja na mtoto mgongoni. Pamba haisaidii. Kizibio cha sikio cha sponji viringisha mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza, shikilia nusu dakika. Kikionekana chote kwa nje hakijaingia. Hicho ni cha baba. Mtoto mchanga asivalishwe, anaweza kukimeza. Nafasi yake ni nyumbani.

Na ukirudi umekunywa, usilale kitanda kimoja na kichanga. Aliyelewa hasikii kwamba amemlalia. Vua nguo zenye moshi, oga, tandika mkeka sebuleni.

Vipi kuhusu matusi kwenye ngoma? Mwenye kuyataka ayaweke, ila siku ileile ya kuchanganya atoe faili tatu: kamili, safi, na biti tupu. Ukirudi baada ya miezi sita, kompyuta imeshauzwa. Neno lililofutwa kabisa linaacha shimo, kwa hiyo ligeuze kinyumenyume au funika kwa sauti ya ngoma. Wanafunzi wa darasa la pili watakariri kiitikio chako, na mmoja wao ni wako. Ukali hautegemei matusi hata hivyo: rapa Professor Jay aliwachana wanasiasa waongo kwa kejeli tu, halafu mwaka 2015 akawa mbunge wa Mikumi mwenyewe!

Ombi letu kwako, Mhariri. Matangazo ya shoo yanayochapwa kurasa zako huandika "kuanzia saa 2 usiku mpaka majogoo". Mtake promota ataje saa ya kila msanii kupanda, kama ratiba ya mechi inavyotaja saa ya kuanza. Mnunuzi wa tiketi naye ana watoto nyumbani.

Wasanii na watayarishaji wa muziki,
Temeke, Dar es Salaam