Masomo kumi ya gofu, au mawili yanatosha?

Ndugu Mshauri,

Natumai hujambo. Swali langu ni la pesa na la muda, lakini huwezi kulijibu vizuri kabla hujajua mpira wangu unavyoruka, kwa hiyo nivumilie.

Napiga kwa mkono wa kulia, handikapu 24 (mapigo ya nyongeza ninayoruhusiwa kwa raundi). Renji, uwanja wa mazoezi, ni mara mbili kwa wiki hapa Nairobi, na Jumamosi ni raundi ya mashimo 18. Kocha ana bei ya aina moja tu: masomo kumi, yalipwe yote kabla ya kuanza, na la kwanza, kwa maneno yake, ni la "kubomoa swingi na kuijenga upya," yaani mwendo mzima wa kupiga. Somo moja ni sawa na ndoo sita za mipira. Masomo kumi basi ni ndoo sitini, na ndoo ina mipira 50. Je, nipige mipira 3,000 peke yangu, au nilipie saa kumi za macho ya mtu mwingine?

Huu hapa ugonjwa wenyewe. Katika mipira 50 ya aironi 7, fimbo ya chuma ya masafa ya kati, nikiandika kila mmoja kwenye daftari, 27 inaanza kushoto kidogo ya bendera kisha inakata kulia. Mingine 11 inaanza kulia na kuzidi kukata kulia. Saba inakwenda kushoto moja kwa moja bila kupinda. Mitano iliyobaki ni aibu tupu: ama fimbo imechimba udongo kabla ya mpira, ama imegonga kichwa cha mpira ukabiringika.

Wenzangu wakiiona mipira 38 ile ya kukata kulia wanasema neno moja, slaisi, na dawa wanayotoa ni moja. Nionavyo mimi, hapo ndipo anayejifundisha anapopotea, kwa sababu slaisi hizo ni mbili tofauti. Zamani wanagofu walifundishwa kwamba mpira huanza upande fimbo inakopita, halafu huishia upande uso wa fimbo, yaani bapa linalogonga mpira, unakotazama. Rada za kupima mpira zimeonyesha karibu kinyume chake: upande mpira unakoanzia huamuliwa zaidi na uso wa fimbo, kama asilimia 75 kwa aironi na 85 kwa drava, fimbo ndefu ya kupiga mbali. Kupinda kwake ni tofauti kati ya uso na njia ya fimbo.

Sasa rudi kwenye ile 27. Imeanza kushoto, maana yake uso ulikuwa unatazama kushoto ya bendera tayari. Imekata kulia kwa sababu njia ya fimbo ilikuwa kushoto zaidi ya uso. Ukimwambia mtu huyo "funga uso, zungusha viganja," utampa mpira wa kushoto moja kwa moja, nao si mwingine bali ile saba ya kwenye daftari. Kinachotakiwa kutibiwa ni njia. Ile 11 iliyoanza kulia ni kesi nyingine: uso uko wazi, na hapo mshiko ndio mshukiwa wa kwanza. Mchezaji mmoja, ndoo moja, magonjwa mawili. Video ya mtandaoni ya dakika nane haiwezi kujua inazungumza na ugonjwa gani.

Tena ugonjwa wa njia una hila yake. Mtu anaona mpira unakwenda kulia, anageuza miguu na mabega yaelekee kushoto ili aufidie. Mabega yakielekea kushoto, fimbo nayo inashuka ikitoka nje (mbali na mwili) kuja ndani zaidi, tofauti kati ya njia na uso inakua, mpira unakata zaidi, naye anazidi kugeuka kushoto. Nimeshaweka vijiti viwili chini, kimoja kikielekea bendera na kingine sambamba na vidole vya miguu. Vidole viko sawa. Mabega hayako sawa, yanatazama kushoto, na ajabu ni kwamba mwilini nahisi yamenyooka kabisa.

Kuhisi huku ndiko kunakonitia wasiwasi. Kamera ya simu inasaidia, ila nayo ni shahidi wa kuangaliwa. Ikiwekwa nyuma ya mchezaji, kama mita tatu, kwenye kimo cha viganja na ikiwa imenyooka na mstari wa viganja kwenda kwenye lengo, unapata picha ya kuaminika. Isogeze hatua moja kushoto au kulia, fimbo itaonekana inapita mahali isipopita, na utaanza kutibu kosa la kamera. Tena iwe ni ile ya mwendo wa polepole, fremu 240 kwa sekunde. Video ya kawaida kwenye sehemu ya mpira ni ukungu tu. Kwa hiyo kuona naweza. Kazi ni kupanga: katika makosa manne ninayoyaona, lipi ni mama na yapi ni watoto? Ukimpiga mtoto, mama anazaa mwingine.

Yapo mambo ambayo sidhani mtu anahitaji kumlipa yeyote ili ayajue, na ningependa unirekebishe kama nimekosea. Mahali mpira unapogonga kwenye uso, kwa mfano. Unapaka nukta ya kalamu ya ubao mweupe nyuma ya mpira, unapiga, nukta inahamia kwenye uso wa fimbo, unafuta kwa kitambaa, unarudia. Yangu inatua upande wa ncha, yaani mwisho wa uso ulio mbali na mpini, karibu sentimita moja na nusu kutoka katikati. Au mahali fimbo inapogusa ardhi: unachora mstari wa chokaa kwenye nyasi, unasimama kana kwamba mpira uko juu ya mstari, unapiga mara kumi bila mpira, ukisogea mbele kidogo kila mara, kisha unatazama makovu. Kwa aironi, kovu lote liwe upande wa bendera. Kati ya makovu yangu kumi, manne yanaanza nyuma ya mstari. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwenye mikeka ya plastiki ya renji, na naona mikeka imewadanganya wengi: fimbo ikitua sentimita tano nyuma ya mpira inateleza juu ya mkeka, mpira unaruka vizuri, mtu anatabasamu. Akienda kwenye nyasi zetu za uwanjani ziitwazo kikuyu, zenye mashina manene yaliyosukana kama mkeka wa ukindu, fimbo ileile inakamatwa hapohapo.

Nyasi hizo ni sababu nyingine ya kutoziamini video. Anayefundisha kule Marekani akiwa kwenye nyasi fupi laini anakuambia upige mpira wa chini ulioviringika, udunde mara mbili kabla ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi kabisa yenye shimo, na uendelee. Kwenye kikuyu mpira huo unadunda mara moja na kulala. Kuzunguka grini zetu ni afadhali urushe mpira utue ndani ya grini kabisa. Mwalimu wa hapa analijua hilo bila kuulizwa.

Hewa nayo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo mpira unakwenda mbali zaidi na, jambo ambalo wachache hulifikiria, haupindi sana kama pwani. Slaisi inayoonekana ya kiungwana hapa, ukiteremka nayo Mombasa inakuwa ya kutafutiwa mpira vichakani, na aironi 7 ya mita 150 inapungua kwa mita kumi au zaidi. Anayejifundisha anadhani swingi imeharibika njiani, anaanza kukarabati kitu ambacho hakijabadilika.

Kuhusu makedi, wale wabeba mifuko ya fimbo, nasema kwa heshima, maana wengi wao wanapiga mpira safi bila kulipia somo hata moja, na wachezaji wetu wa kulipwa wengi wametokea humohumo. Lakini ushauri wa kedi katikati ya raundi ni mmoja: "Umeinua kichwa, mkubwa." Mara nyingi kichwa kimeinuka kwa sababu mwili mzima umeinuka, na mwili umeinuka kwa sababu uzito umebaki mguu wa kulia, na mikono imejikunja kuikwepa ardhi. Ukikibana kichwa chini huku uzito uko nyuma, unachimba.

Pata, ile kazi ya kuubiringisha mpira shimoni kwenye grini, naiweka kando. Sidhani nahitaji kocha kwa pata, kwa kuwa hesabu yake iko wazi na jibu linarudi papo hapo. Shimo lina upana wa milimita 108. Kutoka mita 3, mpira ukianza digrii moja nje ya mstari, umefika ukingoni mwa shimo. Kutoka mita moja na nusu unaruhusiwa digrii mbili. Mpira ni milimita 43 hivi. Unachomeka tii mbili (vijiti vya kuwekea mpira) zenye nafasi ya milimita 55 kati yake, nusu mita mbele ya mpira, na mpira upite bila kugusa. Ukigusa tii ya kulia, uso ulikuwa wazi. Hakuna cha kubishana.

Wanaosema mtu ajifundishe hunitajia Lee Trevino, aliyekua akibeba mifuko ya wengine kule Dallas, akajitengenezea swingi yake na kushinda mashindano makubwa 6. Au Bubba Watson, bingwa wa Masters, moja ya mashindano hayo makubwa, mwaka 2012 na 2014, ambaye husema hajawahi kupewa somo rasmi. Ni kweli, ila hao walianza wakiwa watoto, na walikuwa na saa nyingi kuliko mtu wa Jumanne na Alhamisi jioni mwenye mgongo wa kukaa ofisini. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Jack Nicklaus. Alianza kufundishwa na Jack Grout mwaka 1950 akiwa na miaka 10, na hata alipokuwa bingwa wa dunia alirudi kwake kila mwanzo wa msimu kuangaliwa mambo ya darasa la kwanza: mshiko, msimamo, kulenga. Hakwenda kubomolewa. Alikwenda kukaguliwa.

Ndiyo maana neno "kubomoa" linanitisha. Chukua mshiko peke yake. Wangu wa mkono wa kushoto umelala kwenye kiganja. Nikitazama chini naona fundo moja la kidole. Unaotakiwa uanzie chini ya kidole kidogo, upite kwenye vidole hadi pingili ya kati ya kidole cha shahada, mafundo mawili au mawili na nusu yaonekane, na ile V ya gumba na shahada ielekee bega la kulia. Nikiuhamisha hivyo huku njia yangu bado inakata kutoka nje, uso utafunga na mipira itakwenda kushoto kwa wiki kadhaa. Nitakuwa na kosa jipya juu ya la zamani. Na nikitengeneza njia kwanza bila kugusa mshiko, mipira yote itaanza kuwa kama ile 11, ya kulia na kuzidi kulia. Lazima pawe na mtu wa kuamua kinachotangulia na kwa siku ngapi. Huyo niko tayari kumlipa. Ninachosita kulipia ni saa nyingine nane za kusimamiwa nikirudia zoezi ambalo ningelirudia mwenyewe na kijiti, chokaa na simu.

Basi naomba unisaidie haya. Je, ni haki kumwomba kocha somo moja la uchunguzi, nimpe daftari na video, aniambie kosa mama na zoezi moja, kisha nirudi baada ya wiki nne na ndoo nane? Au makocha huona ni dharau? Kwa magonjwa mawili niliyoyaeleza, wewe ungeanza na mshiko au na njia? Na wakati mabadiliko hayajakaa, niendelee na raundi ya Jumamosi na alama ziingie kwenye handikapu, ambayo huhesabu 8 bora kati ya 20 za mwisho, au nikae renjini tu? Nauliza pia kuhusu fimbo zenyewe. Ni za mitumba, na nikichora mstari wima nyuma ya mpira, alama yake kwenye uso wa aironi inatoka imeinama, juu ikielekea ncha. Sijui kama ni fimbo zimeinama vibaya au ni mimi ninayeishusha mikono, na sitaki kulipia masomo kumi ya kuizoea fimbo isiyonifaa.

Kocha anataka jibu kufikia mwisho wa mwezi. Daftari ninalo, nikihitajika kutuma namba za drava na weji (fimbo ya mipira mifupi ya juu) nitazituma.

Wako,
Msomaji wa handikapu 24, Nairobi