Tope la Hombolo lizuiwe kule linakotoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie Bwawa la Hombolo. Maji yakipungua, kilio chetu ni kimoja: iletwe mitambo, tope lichimbwe. Sipingi kuchimba, ila nasema kazi ianzie vilimani.

Bwawa hili lilijengwa mwaka 1957, kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, kwa kuziba tawi dogo la Mto Kinyasungwe, ambao maji yake huingia Wami na kuishia Bahari ya Hindi. Nchi yetu ni ya matale, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Matale yakioza huwa mchanga na udongo mwepesi unaolala kwenye miteremko. Mvua tunayopata haifiki hata milimita 700 katika mwaka wa kawaida, lakini hunyesha kwa kishindo, tena kifuku huikuta ardhi iko uchi, nyasi zimeliwa na mashamba yamefyekwa. Makorongo huubeba udongo huo wote. Mto ukifika bwawani huishiwa kasi, na mzigo unatua hapo hapo.

Wakulima wa zabibu wanalalamikia chumvi, na wana haki. Miamba ikioza huachia chumvi, kisha jua hufyonza maji na kuiacha chumvi nyuma. Tope linapopunguza kina, maji hutandaa, jua huyamaliza upesi zaidi na chumvi hukolea. Anayetaka maji matamu lazima ashughulikie udongo.

Haya yalishapimwa. Mwaka 1972 watafiti wa Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala walitoa matokeo yao kuhusu mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi: yalikuwa yakijaa udongo kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa Kondoa, kwenye maeneo yaliyoharibika sana. Miti na majani yalirudi, ingawa wafugaji waliumia, na nisingependa waumizwe tena.

Ombi langu kwa wahusika ni hili: fedha ya kuchimba tope iende pamoja na fedha ya makinga maji, ya kupanda nyasi kando ya makorongo na ya kukubaliana na wafugaji njia za kupitisha ng'ombe. Na Bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, lipangiwe hifadhi ya miteremko yake mapema, maana nako mvua ni za namna hii hii.

Mkazi wa Hombolo,
Dodoma