Barua iliyofika baada ya arobaini

Mtanda, Lindi

Mwanangu Somoe,

Salamu nyingi toka kwetu. Huku sote wazima, baba yako yuko shamba anapalilia mikorosho. Hofu ni kwako tu.

Juzi ulinipigia ukiwa na uchungu, kwamba rafiki yako kafiwa na baba yake, umemtumia ujumbe mrefu wa pole, naye kakujibu "asante", basi. Simu ilikuwa inakatikakatika, sikukujibu vizuri. Ndiyo maana nimekaa barazani na kalamu.

Bibi yako alifariki Machi 1998, mwaka ule wa mvua za El Niño. Ninyi mnapanda basi Dar alfajiri, jioni mko Lindi. Wakati ule Daraja la Mkapa halijawa, lilikuja kufunguliwa mwaka 2003. Rufiji tulivuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika ikichachamaa barabara ilikatika, magari yakalala kwenye tope siku nyingi. Rafiki yangu niliyesoma naye alikuwa Tanga. Habari za msiba alizipata, kuja hakuweza, akaandika.

Siku zile za kwanza nyumba ilijaa, watu wakalala mpaka uani. Pole zilikuwa nyingi hata sikumbuki nani alisema nini. Ikapita hitima, ikapita arobaini, mikeka ikakunjwa, kila mtu akarudi kwake. Nikabaki na kanga za mama, sijui nizifanyeje. Hapo ndipo barua ikafika, bahasha imelowa na kukauka, wino wa anwani umechuruzika.

Ninayo mpaka leo, kwenye kopo la biskuti chini ya vyeti vyenu. Kurasa mbili za daftari. Mstari wa tatu kaandika "nitakuja", akalikata, juu yake akaandika "nikijaaliwa nitakuja". Neno lile lililokatwa nimelisoma kuliko mengine yote. Nilimwona alivyokaa, anataka kusema anakuja, anaikumbuka barabara, anasita. Kwenye simu neno likifutwa limekwenda, hakuna ajuaye kama lilikuwepo.

Wala hakuniambia nisilie. Alinikumbusha mama alivyokuwa akituchomea korosho uani, akitufukuza tusikae upande unaokwenda moshi. Nililia, mwanangu, lakini kwa mara ya kwanza nililia nikiwa na mtu.

Watu hudhani karatasi ni kitu cha kuoza. Hapa hapa mkoani kwetu, Kilwa, ziliandikwa barua za Kiswahili mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na zimehifadhiwa Goa, India, hadi sasa.

Kwa hiyo usimnunie mwenzako. Huenda siku ile pole zilimfurika kama mimi. Ngoja arobaini ipite, watu wakishatawanyika, ukae chini umwandikie kwa mkono jambo moja tu unalomkumbukia marehemu. Lile la kuwasindikiza kituoni na mwavuli mmoja, ulilonisimulia, linatosha. Ukikosea, kata uendelee, usianze karatasi mpya. Na usiseme mwandiko wako mbaya. Mwenzako anaujua tangu mko sekondari, atajua ni wewe kabla hajafika kwenye jina.

Nimekuwekea humu karatasi nne na bahasha mbili. Moja ni ya rafiki yako. Ya pili nimeshaiandika anwani, ni sanduku letu la posta.

Mama yako