Barua ya wazi kwa Gavana wa Lamu: Mkunguni na miaka ya jela

Mheshimiwa Gavana,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kuhusu Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome yetu. Ombi langu ni moja, na halina haja ya simiti wala mkandarasi: habari za ngome ilipokuwa jela zikusanywe sasa, kwa wazee walio hai, kisha ziandikwe ubaoni kwa Kiswahili na kuwekwa pale pale uwanjani zisomwe.

Mgeni akifika leo husimuliwa ya mwanzo. Huambiwa vita vya Shela, karibu mwaka 1812, watu wa kisiwa cha Pate na ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa walipopigwa ufuoni, na jinsi simulizi zetu zinavyoeleza kuwa walikimbilia majahazi yao wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimepwelewa. Huambiwa kwamba Waamu, yaani watu wa Lamu, kwa kuchelea kisasi, walimwendea Seyyid Said wa Oman kuomba ulinzi, na kwamba ngome iliyoanza kujengwa 1813 ilikamilika 1821. Wakati ule bahari ilikuwa karibu na ngome. Nyumba zilizo mbele yake leo zimesimama juu ya ardhi iliyojazwa baadaye. Kama ana muda, huonyeshwa Msikiti wa Pwani ulio jirani, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1370, na nyumba ya posta ya Wajerumani iliyofanya kazi kuanzia 1888 hadi 1891.

Yote hayo ni haki yasimuliwe. Lakini posta ya miaka 3 ina makumbusho yake, na jela ya miaka 74 hupewa sentensi moja. Kuanzia 1910 hadi 1984, chini ya Mwingereza na kisha chini ya serikali yetu wenyewe, ngome ile ilifungia watu. Nani walifungwa humo, na kwa makosa gani? Walitoka visiwani humu au waliletwa kutoka mbali? Mama aliyekuja kumwona mwanawe alisubiri wapi, chini ya miti ya mikungu iliyo uwanjani au juani? Soko liko ubavuni mwa ngome. Waliokuwa ndani walisikia nini kila asubuhi samaki wakinadiwa?

Maswali haya bado yana watu wa kuyajibu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 jela ilipofungwa sasa amepita 60. Askari jela aliyekuwa na miaka 40 amepita 80, kama bado tunaye. Kila tukirudi kutoka makaburini tunazika na habari ambazo hakuna aliyeziandika, na hili ndilo linalonifanya nisiweze kungoja bajeti nyingine na kamati nyingine.

Najua utaambiwa ngome iko chini ya Makavazi ya Kitaifa (National Museums of Kenya). Ni kweli. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya makumbusho, maktaba na shughuli za utamaduni, na masoko pia. Hakuna sheria inayokuzuia kukaa na wenzetu wa Makavazi mkafanya jambo hili pamoja, maana kuta ni zao kuzitunza lakini kumbukumbu ni ya mji mzima, mtaa wa Mkomani na wa Langoni.

Wapewe kazi vijana wetu waliosoma, kila mmoja na kinasa sauti. Wazee waachwe waseme Kiamu chao, lahaja ya Lamu, wasilazimishwe Kiswahili cha ofisini, na sauti zihifadhiwe maktabani. Jina la mtu lisiandikwe ubaoni bila idhini ya jamaa zake. Kuna nyumba ambazo habari ya jela bado ni jeraha, na mji huu ni mdogo; kila mtu anamjua babu wa mwenzake.

Ubao wenyewe usipigiliwe misumari kwenye mikungu, na usiwekwe kwa simiti kwenye ukuta wa ngome. Jiwe la matumbawe na chokaa hupitisha unyevu. Ukiziba kwa simiti, maji na chumvi hubaki ndani vikaula ukuta. Usimamishwe kwa miguu yake, wa mbao, kando ya njia ya punda, mahali ambapo hautawaondoa wazee kwenye viti vyao vya kuchezea bao. Watoto hukaa pale wakigonga kungu, matunda ya miti hiyo, kwa mawe watoe kiini. Nataka uwe na kimo ambacho mtoto huyo anaweza kuusoma bila kuinua shingo.

Tangu 2001 mji wetu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na tumezoea kuonyesha milango iliyochongwa na kuta za zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Nami nazipenda. Ila waliofungwa nyuma ya ukuta ule nao ni watu wa historia hii, na hawakuacha mlango wa kupigwa picha.

Maulidi ya Mfungo Sita huwarudisha nyumbani jamaa wengi waliohamia Mombasa, Malindi na kwingineko, na miongoni mwao wamo wenye habari hizi. Naomba vijana wa kunasa sauti wawe tayari kabla ya msimu huo, na tangazo lisomwe misikitini mapema ili watu wajue waende wapi.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Mkomani, Lamu